Milingoti ya Yonathani

Loisi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kijijini kwao, juu kidogo ya Mlowo, alisifika kwa mambo mawili: mibuni iliyotunzwa, na mdomo usio na breki. Kampuni inayonunua kahawa yao ilipoanza kuwafundisha wakulima kutandaza majani makavu chini ya mibuni na kuchimba makinga maji kwenye miteremko, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Tangu lini shamba likavaa blanketi?" aliuliza.

Kiangazi kilipokaza akafunua matandazo ya jirani, akakuta udongo una unyevu. Alikwenda kutandaza shamba zima. Ndivyo alivyo Loisi: hukataa kwanza, kisha hufanya kuliko waliokubali.

Lakini habari ya milingoti, ile mikaratusi mirefu, ilikuwa nyingine kabisa. Chemchemi ya kitongoji ilikuwa chini ya shamba lake, na kuizunguka ilisimama milingoti aliyoipanda marehemu mumewe, Yonathani, ndoa yao ikiwa bado mbichi. Wakati ule watu waliamini mti ni mti tu, na chanzo cha maji hutunzwa kwa miti. Yonathani aliimwagilia, akailinda na mbuzi, ikashika. Watu wakaacha kusema chemchemi, wakawa wanasema "kwa Yonathani." Sasa miti ilikuwa imenenepa, nayo maji yalipungua kila mwaka, hadi wanawake wakawa wanateka kwa kikombe huku wakisubiriana.

Ndipo Brenda, bibi shamba wa kampuni, alipoitisha mkutano. Kampuni ingejenga tangi na bomba, na ingeleta miche ya mikuyu na mizambarau ya kuhifadhi chanzo. Sharti lilikuwa moja: milingoti iondoke kabla ya mvua, kwa kuwa ndiyo inayokunywa maji. Mwenye miti asiporidhia, tangi lingepelekwa kijiji kingine.

Loisi alisimama. "Kwa hiyo aliyewakausha ni mume wangu? Mtu amelala kaburini, hana wa kumtetea, nanyi mnamgeuza mchawi wa maji!"

Akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Wengi walidhani ni ubishi wake wa siku zote, lakini safari hii alikuwa ameumia. Kila asubuhi jina la Yonathani lilikuwa midomoni mwa watu kwa sababu ya miti ile. Ikikatwa, nani angemtaja tena?

Kesho yake Brenda alimfuata nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umeleta habari za milingoti, chai ipo, maneno hayapo."

Brenda akanywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Mama, ile miche baba aliitoa wapi?"

"Iligawiwa pale kwenye ghala la kahawa. Watu waliigombania."

"Waliogawa ni akina nani?"

Loisi alikumbuka. Walikuwa kampuni hii hii.

"Ni sisi, mama," Brenda alisema. "Tuliwaambia mpande kwenye vyanzo. Mzee alitusikia, akaitunza kuliko wote. Kosa ni letu. Jana nilipaswa kuanza na hilo, mimi nikaanza na tangi. Nisamehe."

Machozi yalimtoka Loisi, akayafuta kwa ukali kana kwamba ni inzi. "Maneno hayo," alisema, "utayarudia mbele za watu."

Brenda akayarudia, tena kwa sauti. Hapo Loisi akaenda kwa Osea, mdogo wake Yonathani, maana mjane hakati mti wa marehemu ndugu zake hawajui. Alimweleza yote, akangoja kusikia ukoo utasemaje.

"Shemeji," Osea alisema, "kaka alipanda ili watu wapate maji. Hakupanda ili wapate milingoti."

Osea mwenyewe ndiye aliyeleta chensoo. Hata hivyo Loisi aliomba shoka apige pigo la kwanza, akapiga, akageuka akatazama mlimani wakati mti unaanguka. Miti yote ikaanguka, nguzo zake zikawa uzio wa kuzunguka chemchemi, miche ikapandwa ndani yake. Visiki vya milingoti ni vibishi, huchipua tena, na Loisi alivishukia na panga kila vilipothubutu. Mbishi alikuwa amepata mbishi mwenzake.

Kiangazi kilichofuata maji hayakufurika, tusidanganyane. Lakini hayakukatika, na mwezi wa kumi, mwezi wa vikombe, tangi lilikuwa linajaa. Asubuhi moja Loisi alikuwa akipalilia karibu na kaburi la mumewe pale kati ya mibuni, ndipo Recho akapita na ndoo kichwani. Recho ni mkwe mpya wa Osea, ameolewa kutoka Mkwajuni. Hakuwahi kumwona Yonathani, wala mlingoti hata mmoja hakuukuta umesimama.

"Shikamoo, mama. Pole na kazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka mapema, umetoka wapi?"

"Nimetoka kuteka maji kwa Yonathani."

Loisi aliacha kupalilia. Alibaki ameshika jembe, anacheka na kulia, hata Recho akatua ndoo akamuuliza kama anaumwa.