Siku Niliyogawa Chapati Hekaluni

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya hapa Johannesburg ambayo nikiikumbuka hata mgongo unanyooka. Ilikuwa miaka michache baada ya baba yako kunileta kutoka Morogoro. Yeye alirudi kwao kutoka uhamishoni, akapokewa kwa nyimbo. Mimi, nikifungua mdomo tu pale kwenye duka la Joubert Park nilipokuwa nashona, nasikia, "Eish, kwerekwere huyu," yaani mgeni asiyetakiwa. Nikazoea kunyamaza.

Basi akaja dukani mzee mmoja mwenye kilemba na ndevu nyeupe, akanisalimu kwa Kiswahili. Huyo ndiye Mzee Harbans, Singasinga mzaliwa wa Nairobi. Yeye na wenzake walikuwa wamegeuza nyumba ya zamani kule mtaa wa Observatory kuwa hekalu, akataka nishone kitambaa cha kufunikia kitabu chao kitakatifu. Nilikishona kwa moyo wote, nikakitia taraza ya dhahabu. Naye akanialika siku ya ufunguzi.

Nilivua viatu, nikajifunika kichwa, nikaketi karibu na mlango.

"Mama Zodwa," mzee akaniambia, akiniita kwa jina lako, "mbona umekaa kama unasubiri kufukuzwa?"

"Mimi si wa dini yenu, mzee."

Akaketi kando yangu, akanisimulia. Babu yake alikuwa mhunzi, aliyetoka Punjab, India, kwenda kujenga reli ya kutoka Mombasa. Pale Makindu, porini, mafundi wale walijenga chumba cha ibada cha mabati, wakaweka na jiko. Aliyepita na njaa alilishwa bila kuulizwa anamwabudu nani. Leo pamesimama hekalu kubwa, na msafiri bado anakula na kulala bure. Kwao, alisema, kupika na kulisha watu ni ibada, na wote hula wakiwa wameketi sakafuni, tajiri na maskini.

Kisha akanipa kapu la chapati. "Gawa."

Nilikuwa katikati ya safu pale mgeni wa heshima alipoingia, kigogo wa serikali na walinzi wake. Mtu mmoja akakimbia kumletea kiti.

"Kirudishe," Mzee Harbans akasema kwa upole. "Hapa hatuna kiti cha mkubwa."

Kigogo akaitazama suti yake, akacheka, akakunja miguu akaketi kati ya mlinda magari wa Kikongo na bibi mmoja wa Kizulu. Nami nikafika mbele yake. Kwao chapati hainyakuliwi, hupokewa kwa viganja viwili. Akainua mikono yote miwili kwangu.

"Ngiyabonga, mama," akashukuru.

"Karibu, baba," nikamjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kwetu, bila kujificha.

Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, unanielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kizulu. Sikulaumu. Ila usimwonee aibu aliyekuzaa, na usimdharau anayeabudu usivyoabudu wewe. Ukienda kwa watu, usikae tu kuhudumiwa. Shika kazi, uwalishe wengine. Na siku ukiwa mkubwa, ukubali kuketi chini na wenzako.

Mungu akupe riziki ya kutosha wewe na mgeni wako, akuweke mahali unapoitwa kwa jina lako, na watoto wako wajivunie kuwa wako.