Mkono wa Kuvukia

Bi Zuena alianza kuuza vitumbua kando ya barabara ya Kirongwe ingali vumbi tupu. Madereva wote wa kisiwa aliwajua, wengine aliwaogesha wakiwa wachanga. Ndiyo maana kila mtoto aliyemlea alimfundisha neno moja: "Ukitaka kuvuka, nyoosha mkono. Gari litasimama." Na kweli magari yalisimama, dereva akachungulia dirishani: "Shikamoo, Bi Zuena."

Kisha likaja wazo la duka kubwa, mkabala na kibanda chake. Wananchi hawajaulizwa bado, malori yakaanza kumwaga kifusi. Dereva mmoja alikuwa mgeni, desturi ile hana habari nayo. Sudi, mjukuu wa Bi Zuena, alinyoosha mkono, akavuka. Wakamzika alasiri ile ile.

Mkutano uliitishwa baada ya arobaini. Watu wakauliza watoto watavukaje. Ofisa akajibu kwamba matuta yatawekwa duka likishafunguliwa. Likishafunguliwa!

"Wanaopinga wanyooshe mikono," akasema.

Karibu ukumbi mzima ukanyoosha. Mkono wa Bi Zuena, aliyepinga kuliko wote, ulibaki mapajani. Alijaribu, haukunyanyuka.

Karani akamwandika miongoni mwa waliokubali.