Sijida ya Mzee Tahiri

Ukifika Ngamiani ukauliza nani anapiga picha nzuri, utaelekezwa kwa Hafsa binti Tahiri, na utaongezewa neno ambalo hukuliuliza: "Yule anasafisha." Kusafisha ndiko kulikompa jina. Unaingia na chunusi zako, mifuko chini ya macho na makovu ya tetekuwanga ya utotoni, unatoka umeshika picha ya mtu anayefanana na wewe lakini ambaye hajapata kuugua, kukosa usingizi wala kuchomwa na jua la Tanga. Watu walipenda, na nani atawalaumu? Wanawake walikuwa hawajakaa sawasawa kwenye kiti, wameshamwambia, "Mwanangu, nisafishe bwana," naye hucheka na kuwasafisha.

Kazi alijifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu, za watu wa nchi za mbali ambao aliwaelewa kwa mikono yao zaidi kuliko kwa maneno. Alianza na picha za pasipoti, kitambaa cha buluu kimepigiliwa misumari ukutani. Lakini roho yake haikuwa hapo. Alitaka aitwe kwenye harusi za wakubwa, na jina lake litajwe kama linavyotajwa jina la fundi, si kama mtu wa kuitwa akipita njiani.

Na fundi alimjua, maana alizaliwa nyumbani kwake. Baba yake, Mzee Tahiri, alikuwa mshonaji wa kanzu, mtu mgumu kama ngozi ya ngoma. Kwake kulikuwa na kioo kimoja tu, cha wateja, wala hakuwa na picha. "Nyumba yenye picha malaika hawaingii," husema, na hapo mjadala umekwisha. Mkewe, Mwanasiti, alipofariki Hafsa akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, hapakubaki picha yake hata moja. Hafsa alikua akiutafuta uso wa mama yake kwenye nyuso za mashangazi na mama wadogo, huku akipata pua, huku akipata kidevu, hajaupata wote mpaka leo. Pengine ndicho kilichomshikisha kamera. Baba hakumkataza, ila hakutia mguu studio. Akipita na baiskeli yake hutazama upande wa pili wa barabara, kana kwamba upande ule kuna jambo.

Sasa fikiria mshituko wa Hafsa siku ile Mzee Tahiri alipoegesha baiskeli mlangoni, alasiri imekwisha kuswaliwa, akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akavua kofia, akaivaa tena. "Leo asubuhi nilitaka kumkumbuka mamako. Uso. Haukuja."

Hafsa akaiweka kamera mezani.

"Nimelala na kuamka na mwanamke yule, nikamzika kwa mikono hii. Nikaita, nikaita, haukuja." Akakaa mwenyewe kwenye kiti bila kuambiwa. "Mimi ndiye niliyekuwa sitaki picha. Basi nipige, nisije nikakuachia na wewe shimo kama hilo."

Alikuwa amevaa kanzu aliyojishonea, na katikati ya paji la uso ilikuwepo sijida yake. Mtaa mzima uliijua ile sijida: nyeusi, ngumu, pana kama shilingi, iliyoota kwa miaka ya kusujudu juu ya mkeka wa ukindu. Watu walimwachia vitambaa vya gharama bila kuvipima wakisema mwenye sijida kama ile hawezi kudokoa hata kipande cha mfuko. Hafsa akapiga picha chache tu. Baba yake amekuja. Baba yake amekaa. Kwake ile ilikuwa radhi, na aliyekosa radhi ya mzazi anajua uzito wake.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na harusi ya Ijumaa. Wiki ile ile Hafsa alikuwa amepata kazi aliyokuwa akiiomba kwa Mungu: Bi Fakhria, mmoja wa wale mabibi wa Kiarabu wenye majumba upande wa Raskazone, alikuwa anamwoza binti yake, Siham, na alitaka mpiga picha mwanamke wa kuingia ndani kwenye shughuli ya wanawake, ambako vitambaa vya kichwa huvuliwa na mwanamume haruhusiwi. Hafsa akarudi na nyuso mia kadhaa, na kila mwenye uso alitaka kusafishwa. Akaziingiza zote kwenye kompyuta, akaipa amri moja: tafuta kila doa, lifute. Kompyuta ilikuwa kuukuu na imejaa, hivyo desturi yake ilikuwa kwamba zikishasafishwa, zile za asili anazitupa apate nafasi. Picha za baba zilikuwa kwenye kadi ile ile ya kamera. Na kompyuta, jamani, haijui chunusi wala haijui ibada.

Utasema, hakuangalia? Aliangalia! Hilo ndilo lililomuumiza baadaye. Aliiona picha ya baba yake kwenye kioo cha kompyuta, akayaona macho, akaziona zile ndevu nyeupe, akasema mashaallah, akaituma ikachapwe kubwa na kutiwa fremu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alimwalika baba na wazee wenzake wa msikitini. Akaandaa kahawa na kashata. Fremu imefunikwa kanga. Alipoifunua, Mzee Msafiri, ambaye ni mtani wa Mzee Tahiri tangu ujana wao, akapiga paja.

"Ala! Tahiri! Kumbe siku zote hizi ulikuwa huswali?"

Wakacheka wote. Mzee Tahiri hakucheka. Akasogea mpaka karibu, akaitazama ile picha jinsi anavyoitazama mishono ya fundi mwingine.

"Kanzu umeiacha na mikunjo yake," akasema polepole. "Uso ndio umeupiga pasi."

Hapo ndipo Hafsa alipoona. Paji la uso la baba yake lilikuwa laini kama la bwana harusi.

"Baba, nisamehe, nitaitengeneza."

"Irudishe kama ilivyokuwa."

"Ile ya mwanzo..." Akaikunja kanga mkononi. "Nimeifuta, baba."

Mzee Tahiri akachukua baiskeli yake akaondoka, kahawa yake haijaonjwa. Hakugomba wala hakulipeleka kwa ndugu. Jioni alikula chakula alichopikiwa, akasema alhamdulillahi, na Hafsa angependelea mara mia atukanwe. Kila alipomwomba, "Baba, kaa tena mara moja tu," jibu lilikuwa neno moja: "Nilikaa."

Ajabu ya dunia, jina la Hafsa ndipo lilipopaa. Bi Fakhria alifurahi, akamsifu kwa kila aliyeingia kwake, na kazi zikaanza kumiminika. Ndoto ilikuwa imemjia mlangoni nayo ikawa chungu mdomoni. Kila aliposikia "nisafishe" alilikumbuka paji la baba yake. Akaanza kuzichukia nyuso alizotengeneza mwenyewe. Akizipanga mezani aliona zote ni ndugu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemjua.

Mteja mmoja ndiye aliyemwambia habari za Fanueli wa Amani, kule milima ya Usambara, Mbondei mtu mzima, aliyekuwa akiwapigia watafiti wa msitu picha za majani na vyura. Hafsa akafunga studio, akapanda milimani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kujifunza kupiga picha za watu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi napiga majani." Lakini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Jani likiwa na doa, mtaalamu analitaka hilo doa, ndilo linalomwambia ni jani gani na limepatwa na nini. Nikilifuta watanifukuza kazi."

Akamwita mkewe, Praxeda, akamkalisha karibu na mlango, mwanga unaingia kwa ubavu. Akamnyang'anya Hafsa ile taa yake ya duara aliyoibeba kutoka mjini. "Hii inammulika mtu usoni kama mwizi. Kila kitu kinakuwa bapa. Usiguse kamera bado. Kaa umwangalie huyu mama mpaka uchoke, halafu ndiyo umpige." Hafsa akakaa. Akaliona kovu la moto shavuni, akauona uchovu, akaona mama yule anavyozuia cheko kwenye pembe ya mdomo. Alipompiga na kumwonyesha, Praxeda alisema tu, "Eeh. Ndiyo mimi huyo."

Hafsa alirudi Tanga mtu mwingine, na si wote waliopenda. Waliozoea kusafishwa walimnunia, baadhi wakahamia kwa wapiga picha wengine. Waliobaki walikuja kukaa dirishani na kutazamwa kwanza. Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko zamani, mwenyewe alijua, lakini uso aliojifunzia yote yale ulikuwa haumkaribii.

Miezi ikapita. Magoti ya Mzee Tahiri yakaanza kumwangusha. Baiskeli ikaegeshwa uani, kuku wakaifanya kituo. Daktari akamkataza kukunja magoti, naye akapewa kiti pembeni mwa safu ya mbele, awe anaswali amekaa. Alichukia kile kiti. "Naswali kama abiria," alikuwa akinung'unika. Mwaka ukazunguka, na baada ya Idi, akiwa amekaa sebuleni karibu na dirisha, akasema bila kumtazama binti yake, "Lete hiyo kamera yako. Nikingoja zaidi utapiga jeneza."

Hafsa alikwenda mbio mpaka kanga ikamdondoka. Safari hii hakuleta taa. Akakigeuza kiti taratibu, mwanga ukampata mzee kwa ubavu, mikunjo yote ikasimama, kila mmoja na kivuli chake. Akatulia. Akamtazama kama alivyofundishwa, kuanzia kidevu, akapanda, akafika kwenye paji la uso.

Haikuwepo.

Akadhani ni mwanga. Akakisogeza kiti, akalifungua dirisha lote, akakiinamisha kidogo kichwa cha baba yake kwa vidole. Palikuwa na ngozi tu, imepauka kidogo kuliko kwingine. Mwaka mzima paji lile halijagusa mkeka, na sijida imeondoka yenyewe kidogo kidogo, na mtu unayekaa naye humtazami, unampita tu na sahani mkononi.  Hafsa akapiga picha hivyo hivyo.

Studio, alikaa mbele ya kompyuta na shetani wake. Kuirudisha kulikuwa rahisi. Aliijua ilipokuwa, aliujua upana wake. Akachora: doa jeusi, akalikwaruza pembezoni, likakaa. Lilikuwa la kweli kabisa. Wazee wote wa msikitini wangeapa ni lenyewe, na baba angeridhika, na aibu ya mwaka ule ingefutika. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaliondoa, maana alikuwa amekwisha kumtengenezea baba yake uso mmoja wa uongo, na wa pili angeona haya kuishi nao. Safari hii ile ya asili hakuitupa.

Mzee Tahiri aliishika ile picha kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani. Aliangalia macho yake, akaguna. Aliangalia ndevu. Kidole kikapanda kwenye paji la karatasi, kikasimama. Kisha kikaenda kwenye paji lake mwenyewe, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena.

"Imeondoka lini?"

"Sijui, baba."

"Hujui. Na kazi yako ni kutazama."

Hafsa akaanza kulia. Alitaka kusema kwamba alikuwa Amani, kwamba alikuwa kazini, kwamba alikuwa akijifunza kwa ajili yake. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa.

"Nyamaza. Hii umeipatia. Huyu ndiye mimi, sasa." Akamrudishia picha. "Radhi zangu unazo, Hafsa, tangu siku ile niliyoingia kwako. Ile sura ndiyo huna tena. Hata mimi sina." Akafuta uso kwa kiganja. "Itundike huko huko kwako. Usiitundike humu ninamoswalia."

Adhana ya alasiri ikalia. Akamwomba akigeuze kiti kielekee kibla, naye akakigeuza, akasimama nyuma ya mlango na picha kifuani. Mzee Tahiri akafunga mikono, akasoma, akarukuu alivyoweza. Ulipofika wakati wa kusujudu aliinama mbele, akainama zaidi ya alivyoruhusiwa, na paji lake la uso likaishia hewani, mbali na mkeka.