Vidonge vya Jioni

Taarifa ya kupokelewa chuoni ilimfikia Benadetha kwenye simu, akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Dutwa. Aliisoma mara tatu kabla mwanamke wa nyuma hajamgusa bega kumwambia asogeze ndoo yake. Shahada ya afya ya akili na ustawi, miaka mitatu, Dodoma. Kuripoti mwisho wa Oktoba. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, kumi na minne kati ya hiyo akiwa muuguzi wa zahanati, na nafasi hiyo alikuwa ameiomba kimya kimya, kama mtu anayepanda mbegu kwenye shamba asilo na hakika kama ni lake.

Furaha ilidumu mpaka nyumbani. Uani alimkuta mdogo wake Zengo akiingiza ng'ombe zizini, naye akakumbuka vidonge.

Zengo aliugua akiwa na miaka ishirini na minne. Mwaka ule alisikia watu wakimtukana kutoka ndani ya ukuta, akaondoka kwa miguu hadi karibu na Kimali bila kujua anakokwenda, na waliomrudisha walimrudisha amefungwa kamba. Mama yao, mayu Anyesi, alisema mizimu ya babu imekasirika. Wakachinja, wakamvalisha shanga, wakamzungusha kwa waganga wawili. Benadetha ndiye aliyempeleka hospitali mjini Bariadi, na ndiye aliyempa kidonge cha kwanza. Tangu siku ile, kwa miaka tisa, Zengo hakupokea dawa kutoka mkono mwingine. Vidonge viwili baada ya ugali, maji kwenye kikombe cha bati, kisha neno la dada yake: "Panua mdomo." Zengo alipanua, akainua ulimi, dada akachungulia kwa tochi ya simu. Alifanya hivyo mbele ya mama, mbele ya wageni, na mara moja mbele ya watu waliokuja kuzungumzia habari za Zengo kuoa. Watu hao hawakurudi tena.

Hamu ya kusoma ilikuwa imemkaa muda mrefu. Mtu wa huku ukimsalimu hujibu mhola, yaani salama, hata kama ametoka kuzika. Ni heshima, shida haitangulii salamu. Matabibu wanaoletwa kutoka mikoa mingine husikia jibu hilo, wakatazama kipimo cha malaria, wakaandika kwamba mgonjwa hana neno. Benadetha alijifunza kubaki kwenye benchi baada ya salamu kwisha, akiwa ametulia tu. Hapo ndipo mama aliyekuja na maumivu ya kichwa angesema kwamba hajalala tangu amzike mumewe, au kwamba kila akiiona dawa ya kunyunyizia pamba anaiogopa mikono yake mwenyewe, isije ikamnywesha. Kusikiliza alijua. Hakujua afanye nini na alichokisikia, na hicho ndicho alichotaka kukifuata Dodoma.

Lakini nani angempa Zengo dawa?

Kwanza alimfundisha mama. Macho ya mayu Anyesi yalikwishaingia ukungu. Jioni ya pili akampa Zengo kidonge chake mwenyewe cha presha bila kujua. Zengo akakitazama kiganjani, akakirudisha mezani, akatoka nje. Kisha akaja Ansbert, mkuu wa zahanati, Mhaya mpole aliyekuwa ameanza kumtania Benadetha kwamba akirudi na shahada atawaona wote wagonjwa. Alijitolea kupita kila jioni na pikipiki yake. Zengo alimkaribisha vizuri, akamletea kiti, kisha akaenda kwa ng'ombe wake na hakurudi mpaka pikipiki ilipoondoka.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, Benadetha aliandika barua ya kuomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Aliiandika kwa mkono mzuri, bila machozi. Alijua kwamba mwaka huo mmoja ungezaa mwingine. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaona afadhali Zengo aijue kwanza.

Ilikuwa siku ya josho, ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Alimkuta amesimama kwenye mlango wa birika, fimbo begani, ng'ombe wa kijiji kizima wakisukumana nyuma yake, vumbi la Oktoba limewafunika wote rangi moja. Bwana mifugo alikuwa na daftari, lakini aliyetaja zamu, tena kwa kichwa, alikuwa Zengo. Yule mwekundu wa Marcelo, mwenye pembe moja, amekosa josho mara mbili, aanze yeye. Ndama wa Ndaki amechanjwa Jumanne, leo asiingie. Bwana mifugo aliandika kila alichoambiwa.

"Na mimi, Zengo, nimekosa mara ngapi?" Marcelo akamchokoza.

"Wewe huingii humu. Utaharibu dawa ya ng'ombe za watu."

Wakacheka wote, na Zengo akacheka. Benadetha alishika ubao wa uzio. Hakuwahi kufika hapa siku ya josho. Siku zote alikuwa kazini.

Ng'ombe walipokwisha kuogeshwa, Benadetha alimweleza habari ya barua. Zengo aliuliza sababu, naye akasema ni dawa zake. Zengo alifuta mikono kwenye suruali taratibu, kidole kwa kidole.

"Mwakani nitakuwa nimeacha kuzimeza?"

Benadetha aliubana mkoba kwapani.

"Mama alinipa kidonge cha presha nikakirudisha, dada. Ukafikiri nimekataa dawa. Hukuniuliza." Alitazama ng'ombe wakijikung'uta maji. "Mimi nikimnywesha ng'ombe dawa, simrudii kumchungulia kinywa. Namwachia aende."

"Na usingizi ukikatika?" aliuliza, kwa sababu ndivyo ugonjwa ulivyoanza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku ya pili niko zahanati kwa miguu yangu. Wewe unauona tu ugonjwa ukija. Mimi ndiye ninayeingiwa nao."

Aibu ilimpanda Benadetha. Miaka kumi na minne alikuwa akikaa na watu baki kwenye benchi, akiwasubiri waseme. Barua ile hakuipeleka popote.

Jioni alimkabidhi Zengo kopo zima la vidonge. Benadetha akala, akaosha mikono, akaketi ameikalia mikono yake mwenyewe, huku mayu Anyesi akimkodolea macho kana kwamba amepungukiwa na akili. Zengo alimeza, akaweka kikombe chini, akaanza kuzungumza habari za maksai wawili anaotaka kuwafundisha kulima. Benadetha aliuma ulimi. Kesho yake tena. Jioni ya tano alikuwa na kopo mkononi, kifuniko wazi, yuko tayari kuhesabu, akalirudisha alipolitoa.

Siku tatu kabla ya safari alikuwa kwenye dirisha la dawa kama kawaida. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake na watoto, wazee wa presha. Katikati yao, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, alisimama Zengo. Hakuruka mtu. Alipofika mbele alimsalimu kama wanavyosalimiana watu wasiofahamiana.

"Nesi, naomba dawa zangu za mwezi."

"Una kadi?"

Akaitoa kwenye mfuko wa shati. Bibi mmoja nyuma yake akamuuliza kwa sauti, kama ni kweli yule ni dada yake, mbona anapanga foleni.

"Ndiye dada yangu, mayu. Lakini mgonjwa ni mimi."

Bibi akacheka, na benchi zima likacheka naye. Benadetha alihesabu vidonge, akavifunga, akavipitisha dirishani. Kisha akaandika kwenye kadi tarehe ya kurudi, ishirini na mbili Novemba, siku ambayo yeye hatakuwa nyuma ya dirisha hilo. Zengo aliisoma tarehe, akaitikia kwa kichwa, akampisha aliyemfuata.