Bangili ya mama mkwe iliyonikaba mkono siku ya dot ya wifi yangu

Wakuu, poleni na kazi. Niko Bwiza hapa Bujumbura, mtavumilia Kiswahili chetu. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Wifi yangu alikuwa anatolewa mahari, sisi tunaita dot. Sherehe ilikuwa kwenye bustani ya kukodi, Kinindo.

Asubuhi mama mkwe akaniita chumbani, akafungua kitambaa, akatoa bangili yake.

Siyo ya dukani ile. Marehemu baba mkwe aliitengenezesha kwa sonara: dhahabu, fedha na shaba zimesokotwa kama nywele, vito vya kijani pembeni, katikati kimoja kikubwa chekundu. Haina pa kufungulia. Nilipaka sabuni ndiyo ikapita.

"Leo vaa weye," akasema. "Mi mukono yangu imekonda, itaanguka."

Mama mkwe ni mtu wa maneno machache. Miaka yote ya ndoa sikujua kama ananipenda au ananivumilia tu. Bangili hiyo niliiona kama mtihani.

Sasa wazee wako katikati ya mazungumzo ya ng'ombe, nikashika chupa ya soda bila kuangalia. Kulikuwa na nyigu.

Akaniuma nyuma ya kiganja, mkono uleule wa bangili.

Nikajikaza. Nitapigaje kelele mbele ya wakwe wapya?

Mkono ukaanza kujaa. Nikaenda chooni, nikajaribu sabuni. Nikaomba mafuta kwa wapishi. Wapi! Nikivuta, ndiyo unazidi kuvimba.

Vidole vikageuka rangi ya zambarau. Kile kidogo nikikibana sisikii kitu.

Na mnajua nilichokuwa nawaza? Siyo mkono. Nilikuwa nawaza: wataikata bangili ya marehemu, na mimi ndiye nitakuwa nimeiharibu.

Nikarudi kwenye kiti, nikauficha mkono ndani ya imvutano, lile vazi letu la kufunga begani. Nikacheka kwenye picha.

Mama mkwe akaja na sahani ya chakula. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto.

Kwenye familia ya Kiislamu hilo halipiti, wakuu. Akanitazama.

"Mukono wa kuume uko wapi?"

Nikautoa.

"Toka saa ngapi?"

"Kabla ya chakula, mama."

"Na umenyamaza? Simama, twende."

Akaacha dot ya binti yake mwenyewe! Dereva wa teksi akauliza hospitali ipi, mama mkwe akajibu, "Apana, tupeleke Bwiza kwa sonara. Yeye ndiye ana musumeno ya hii kitu. Docteur baadaye."

Sonara akaigeuza bangili taratibu, akakunja uso.

"Mama, pembamba ni hapa tu, chini ya kito chekundu. Nikikata, kinaweza kupasuka. Tujaribu barafu kwanza?"

"We hauoni vidole? Kata."

Akapenyeza bati jembamba kati ya ngozi na bangili, akaniambia nisitikisike. Mama mkwe akakigeuza kichwa changu, akakibana kifuani kwake nisione. Nilisikia msumeno, halafu mlio mdogo. Kito kilikuwa kimepasuka.

Sonara akaipanua bangili kwa koleo. Damu iliporudi kwenye vidole, maumivu yake sitaki hata kuyakumbuka.

Nikaanza kulia. "Mama, pardon."

"Nyamaza. Chezesha vidole."

Nikachezesha.

"Tena."

Alirudia hivyo njia nzima mpaka kliniki, ambako nilichomwa sindano.

Nilichojifunza: mkono ukianza kuvimba, vua kila kitu hapohapo, na kikigoma sema, hata kama ni sherehe ya nani. Mimi nilimwogopa mtu kuliko kupoteza vidole, na mtu mwenyewe ndiye aliyeniokoa.

Juzi ameniletea bangili. Ameiwekea bawaba na kifungo, pale palipokuwa na kito chekundu pako wazi. "Ni yako," akasema, akaondoka.

Sijaivaa. Nikiishika tu, vidole vinaanza kufa ganzi.

Dada zangu humu, na nyie wakuu wenye mama wakwe: mngeivaa? Nipeni maoni, maana Idi inakaribia na ataangalia mkono wangu.