Akiba Ndani ya Koti

Kwa miaka mitatu niliogopa koti langu mwenyewe. Lilining'inia kwenye mlango wa kabati, katika chumba tunachokaa wanne huku ughaibuni, mtaa wa Discovery Gardens, na wenzangu walidhani nalitunza kwa sababu ni la ghali. Niliwaacha wadhani hivyo.

Lilishonwa na bibi mmoja wa Kizanzibari niliyefanya naye kazi kwenye karakana ya mitindo, Jumeirah Lake Towers. Tulimwita Bi Mkubwa. Alikulia London, akajifunza makoti kwa mafundi wa Kiingereza wa zamani, na aliachiwa chumba cha nyuma kwa sababu wateja wachache bado walimtaka. Chumba cha mbele kilikuwa cha madam, mbunifu wetu. Kule mteja alisimama kwenye jukwaa dogo linalozunguka, mashine ikampiga picha, na mwili wake ukatokea kwenye kompyuta bila kichwa. Madam akachora juu yake, mashine nyingine ikakata, na koti likatoka jepesi, halina bitana ya ndani, mishono yake myembamba. Sitaki kusema uongo, makoti yake yalikuwa mazuri.

Bi Mkubwa aliyadharau. "Hayo ya leo tu," alisema. "Mwenyewe akinenepa mwezi ujao, akalitupe?"

Kwake mteja alijaribishwa koti mara tatu, likiwa bado limepigwa bandi, mishono ya muda tu. Ndani ya mishono aliacha kitambaa cha ziada, tulichokiita akiba, na juu yake akapitisha nyuzi nyeupe kuonyesha koti liachiwe, yaani lipanuliwe, hadi wapi mwili utakapobadilika. Uzi wa badiliko la kwanza aliufunga fundo moja, wa badiliko litakalofuata mafundo mawili. Nilimuuliza anajuaje mtu atanenepa wapi. Akasema Waingereza walimfundisha kusimama nyuma ya mteja na kunyamaza. Nikaona ni maringo tu.

Kazi yangu ilikuwa kushonea bitana, kwa hiyo niliyaona makoti yote kwa ndani. Siku moja nikaletewa la bwana mmoja mnene, mcheshi, ambaye hakuwahi kuja bila kutuletea halua. Halikuwa na akiba hata kidogo. Lilikuwa na uzi mmoja tu mweupe, na huo ulikuwa upande wa kupunguza.

"Bi Mkubwa, hapa umesahau," nikamwambia.

"Sikusahau, mwanangu. Funika."

Kabla ya Ramadhani dereva wa bwana yule alilirudisha. Lilimpwaya bosi wake kama nguo ya kuazima. Tukalipunguza hadi kwenye uzi ule, dereva akalichukua, na wiki chache baadaye tukasikia bwana yule amefariki. Nilijiambia kwamba mtu mgonjwa huonekana, na mwenye jicho ataona. Hata hivyo mikono yangu ilianza kukagua kila koti kabla ya kulifunika, na sikupenda nilichokuwa nakitafuta.

Halafu madam akataka nafasi ya mashine ya pili. Alimwambia Bi Mkubwa khalas, imetosha, sasa apumzike. Katika wiki zake za mwisho bibi yule alinishonea koti mimi, mfanyakazi wa bitana, na alinijaribisha mara tatu kama mteja. Mara ya tatu alisimama nyuma yangu muda mrefu mno. Nilipogeuka, hakunitazama usoni.

"Nipe nishonee bitana," nikasema.

"Hili nitalifunika mwenyewe."

Hakuwahi kushona bitana tangu nimjue. Akaenda zake Maskati kwa mwanawe, nami nikabaki na koti lililofungwa. Vidole vyangu vingeweza kubonyeza mshono vikajua kuna nini. Nilivikataza. Nililivaa mara mbili tu, mikono nimeiweka mbali na mbavu, na mara zote mbili nilirudi nyumbani mapema.

Mwezi uliopita halikufunga. Nilikuwa nimenenepa, na Ijumaa ilikuwa harusi ya rafiki yangu. Ningeweza kulipeleka kwa madam, lakini yeye na mashine zake hawajui kufungua koti, wanajua kutengeneza jingine. Nikachukua kiwembe, nikakaa kitandani mchana kweupe, nikafumua bitana ubavuni.

Akiba ilikuwapo, pana, vidole vitatu. Nikacheka peke yangu. Miaka mitatu ya woga kwa ajili ya bibi mwenye maringo.

Kisha nikaziona nyuzi. Ule wa fundo moja ulikuwa kwenye akiba. Nikajipima kwa tepu, nikapima tena, na ukaangukia unene wangu wa siku ile. Wa mafundo mawili ulikuwa mbele yake kidogo, karibu na ukingo wa kitambaa. Wa mafundo matatu haukuwa kwenye akiba. Ulikuwa upande wa kupunguza, ndani sana, kama kwenye koti la yule bwana.

Nililiachia hadi fundo la kwanza, nikarudishia bitana. Hakuna nguo iliyowahi kunikaa vizuri namna ile, na harusini watu waliniuliza nimelinunua duka gani.

Leo mchana mwenzangu wa chumbani alikuwa anapakua wali wa nazi, akaniuliza kama aniongeze. Aliushika upawa juu ya sahani yangu, akisubiri, nami nikajishika ubavuni, nikipima kwa vidole nafasi iliyobaki kabla ya uzi wa mafundo mawili.