Nilimsifu mjukuu wangu kwa kunawa mikono mapema

Admini, ficha jina langu, mtaani wananifahamu. Mimi ni mgane wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, ninaishi Nyasho hapa Musoma na wajukuu watatu. Wanaopenda kuweka vicheko kwenye maumivu ya watu wapite. Sikuandika kwa ajili yao.

Nyumbani kwangu watoto hula sahani moja. Ndivyo nilivyolelewa Nyamuswa: mkubwa huacha kula na kunawa kwanza ili wadogo wabakiziwe. Mjukuu wangu wa kwanza, msichana ambaye sasa ana miaka kumi na sita, aliushika utaratibu huo kuliko wote. Kila aliponawa mapema nilimsifu mbele ya wenzake: "Tazameni, huyu ndiye mtu mzima." Naye aliinamisha uso, akatabasamu. Niliamini kwamba ninajenga adabu.

Mwaka jana alianza kunawa baada ya matonge matatu. Baadaye mawili. Mashavu yakabonyea, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nilimkaripia. Nikamwahidi viatu vipya akimaliza chakula. Akalia, akaacha hata uji. Alipoanguka mstarini shuleni, ndipo nilipompeleka hospitali. Nilichelewa, na ninalijua hilo.

Daktari, mama wa rika la watoto wangu, alinieleza bila kunidharau.

"Mzee, ubongo una kemikali iitwayo dopamini. Kazi yake mojawapo ni kufundisha: jambo hili limekufaa, lirudie. Wewe ukiwa na njaa, sato wa kukaanga anakufundisha hivyo. Kwa mjukuu wako inaonekana somo limegeuka. Chakula kinamtia hofu. Akikiacha, hofu inashuka, na ubongo unasema ameshinda. Likirudiwa sana linakuwa mazoea, si yeye tena anayeamua."

Nilimwuliza kama sifa zangu ndizo zilizomfanya augue.

"Hapana. Ugonjwa huu una vyanzo vingi, vingine vya kuzaliwa navyo, na wataalamu bado wanauchunguza. Ila sifa hizo ziishe leo."

Ameagiza mtoto alazwe wiki hii, kwa sababu mapigo ya moyo yameanza kwenda polepole mno. Hapo ndipo nilipokwama. Binti yangu, mama wa mtoto, anafanya kazi Bunda, na amesema atafuata neno la shangazi yake, yaani dada yangu mkubwa aliyeko Nyamuswa. Dada alinipigia simu juzi.

"Mwalimu, huyo mtoto anaringa tu. Sisi tulikuwaga na njaa yenyewe, nani alikataa ugali? Nitamnywesha maziwa mpaka asahau."

"Dada, haringi. Anaumwa."

"Anaumwa wapi? Ana homa? Anaharisha? Umesoma mpaka umesahau watoto wanavyolelewa."

Atakuja kumchukua Jumamosi, nayo ni keshokutwa. Tangu wazazi wetu wafariki, yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ukoo, na mimi sijawahi kumpinga. Nimefundisha watu utii maisha yangu yote. Sasa utii huohuo umenifunga mimi mwenyewe.

Jana jioni nilimpakulia mgonjwa sahani yake peke yake, nikakaa karibu naye kama nilivyoagizwa na daktari. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka sita, akamega matonge mawili, akanawa, akanitazama usoni.

"Babu, na mimi nimekuwa mtu mzima?"

Mkubwa akainua macho kutoka kwenye sahani yake, naye akingojea jibu. Nilimwamuru mdogo arudi kula, sauti ikanitoka kwa ukali, na wote watatu wakaacha chakula.

Ndugu wasomaji, msiniandikie pole; hazitamfikisha mtoto wodini. Niambieni: Jumamosi nimwambie nini dada yangu, anielewe kabla moyo wa mtoto haujasimama? Na yule mdogo ambaye bado anangoja sifa yangu, nimjibu nini?